Ruaha: Tupime Maji Kabla ya Kumhukumu Mtu

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa sana katika mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini ni kukauka kwa Mto Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto huu, ambao wazee waliujua kuwa ni wa kudumu, umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi, mara kwa majuma na mara kwa miezi. Viboko hujikusanya katika madimbwi ya matope ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, samaki huoza juani, kisha hutafutwa mkosaji. Kwa miaka mingi mkosaji huyo amekuwa mfugaji. Sisi tunaona kwamba jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwani dawa isiyolingana na maradhi haiponyi.

Kwanza hatuna budi kuujua mto wenyewe. Ruaha Mkuu na mito inayouongezea maji, kama vile Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, huanzia katika milima na miinuko inayoizunguka Usangu, ikiwemo Uporoto na Kipengere, ambako mvua ni nyingi. Misitu na nyasi za milimani huyavunja nguvu matone ya mvua, udongo huyanywa maji, kisha huyatoa kidogo kidogo katika chemchemi wakati wa kiangazi. Mito hiyo huteremka katika Bonde la Usangu, ambako mvua ni haba na jua ni kali, na kuingia katika kinamasi cha Ihefu. Huko maji hutanda katika majani. Sehemu yake hurudi hewani kwa mvuke, sehemu hunywewa na mimea, na kinachosalia hutoka kuelekea hifadhini, Bwawa la Mtera, Kidatu na hatimaye Mto Rufiji.

Lakini mlango wa Ihefu una siri yake. Mahali paitwapo N'giriama pana mwamba uliolala chini kama kizingiti cha nyumba. Kina cha maji katika kinamasi kikiwa juu ya kizingiti hicho, mto hutiririka. Kikishuka chini yake hata kwa kiasi cha kidole, mto hukatika, ijapokuwa ndani ya Ihefu bado mna maji. Kwa hiyo uhai wa mto wakati wa kiangazi haushikiliwi na mafuriko ya masika, bali na yale maji machache yanayoingia kinamasini mwezi wa Agosti, Septemba na Oktoba.

Maji hayo machache huenda wapi? Eneo la kilimo cha mpunga wa kumwagilia katika Usangu lilikuwa yapata hekta 10,000 mwaka 1970. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa limezidi hekta 40,000. Hili si jambo la kulaumiwa lenyewe. Mpunga wa Mbarali umelisha miji yetu, umesomesha watoto na kuezeka nyumba kwa mabati. Hata hivyo, mavuno yakishaingia ghalani, mifereji mingi huendelea kuchota maji. Mengine hutumika majumbani na kufyatulia matofali, mengine huanzishia vitalu vya miche mapema, na mengine hutuama tu katika majaruba matupu hadi jua liyanyanyue.

Hapa pana funzo kwetu sote tunaopenda kuhubiri maendeleo. Banio la zamani lilijengwa kwa miti, mawe na majani. Lilivuja, na kwa kuvuja kwake lilimwachia jirani wa chini haki yake. Banio la kisasa la zege lenye lango la chuma halivuji. Kiangazi linaweza kuumeza mto mzima, asipate kitu aliye chini. Tulidhani tunaondoa upotevu wa maji, kumbe mara nyingine tulikuwa tunaondoa fungu la mwenzetu.

Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na maelfu ya ng'ombe wao waliondolewa Usangu, wengi wakielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Safari ilikuwa ndefu, mifugo ilikufa njiani na jamaa zilitengana. Mwaka 2008 eneo la Ihefu liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hatusemi kwamba mifugo mingi kupita kiasi haina madhara. Kwato hugandamiza udongo, na majani yakiisha ardhi hubaki uchi. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ng'ombe waliondoka, na mto uliendelea kukauka. Kama wao wangekuwa ndio chanzo kikuu, tungeyaona matunda ya kuondoka kwao.

Vilevile ilidaiwa kwamba giza lililoyakumba majumba na viwanda nchini lilisababishwa na watu wa Usangu. Hesabu haikubali kirahisi. Bwawa la Mtera, lenye uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 3, hujazwa na mafuriko ya masika, si na vijito vya Septemba. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa maji mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilikuwa na sehemu kubwa katika upungufu wa umeme. Kukauka kwa mto hifadhini ni tatizo moja, na kupungua kwa maji bwawani ni jingine. Aliyeyachanganya mawili hayo alimbebesha mtu mzigo usio wake.

Tufanye nini basi? Kwanza, mabanio yatengenezwe ili yagawe mto badala ya kuuzuia, kila mfereji upate fungu lake na mto ubaki na fungu lake. Pili, vijiji vinavyotegemea mifereji kwa maji ya kunywa vichimbiwe visima. Si haki kumwamuru mama afunge lango la mfereji huku hana mahali pengine pa kuteka. Akishapata kisima, mfereji unaweza kufungwa baada ya mavuno bila mtu kulala na kiu. Tatu, vyanzo vya milimani vihifadhiwe, na wanaolima vinyungu mabondeni wakae pamoja na wa chini yao wapange zamu. Nne, vyama vya watumia maji, ambavyo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inavitambua, vipewe nguvu ya kweli, na ndani yake mkulima mkubwa asiwe na sauti kuliko mdogo, wala mfugaji asiachwe nje ya mlango.

Waliopita chuoni wanakumbuka walivyofundishwa kwamba israfu ya maji haifai hata kwa mtu anayetawadha kando ya mto unaotiririka. Fundisho hilo halikuwekwa kwa sababu mto utaisha kwa udhu wa mtu mmoja. Liliwekwa kwa sababu mtu hayuko peke yake mtoni.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu, wa Chama na wa Serikali, kwamba kiangazi kijacho, kabla amri yoyote haijatolewa ya kumwondoa mtu au kumtoza faini, yapimwe kwanza maji yanayoingia kila banio na yanayopita juu ya kizingiti cha N'giriama, na takwimu hizo zibandikwe katika kila ofisi ya kijiji ili wananchi wazisome. Mtu akishajua ni kiasi gani anachochukua na ni kiasi gani kinachomfikia jirani yake, mazungumzo ya haki yanaweza kuanza.