Epulu: pesa inayorudi baada ya kununua mtandaoni inatoka wapi?

Anayetafuta telefone, paneli ya sola ama nguo kwenye mtandao hakosi kukutana na tangazo la namna hii: nunua leo, na sehemu ya pesa yako itarudi. Wenyewe huita keshibaki. Kwa wakaaji wa Epulu, katika wilaya ya Mambasa jimboni Ituri, ahadi hiyo inavutia, kwa sababu kila bidhaa inayofika pale imekwisha kupanda bei njiani. Lakini kabla ya kuifuata ni vema kujua ni nani anayeitoa pesa hiyo, na inamfikia nani.

Jibu si gumu kwa mtu aliyewahi kununua kiwanja ama pikipiki kupitia komisionere. Komisionere hana kiwanja wala pikipiki. Anamleta mnunuzi kwa muuzaji, na muuzaji anamupa kitu kidogo. Tovuti ya keshibaki inafanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe inagawana komisheni yake na mnunuzi. Tuseme kitu kinauzwa dola 100 na duka linatoa komisheni ya dola 5. Tovuti inaweza kubaki na dola 2, na mnunuzi akarudishiwa dola 3. Hakuna muujiza: pesa yote imetoka kwa muuzaji, ambaye amelipa ili apate mteja.

Biashara hii si ya jana. Amazon ilianza mwaka 1996 kuwalipa watu wenye tovuti wanaoiletea wateja. Mwaka 1998, huko California, ikaanzishwa Ebates, ambayo Rakuten ya Japani iliinunua mwaka 2014 kwa karibu dola miliari moja. Uingereza kuna Quidco na TopCashback tangu 2005, na Ufaransa kuna iGraal tangu 2006.

Masharti yao yanafanana. Mnunuzi anajiandikisha bila kulipa, anaingia dukani kwa kupitia kiungo cha tovuti ile, kisha analipa kama kawaida. Akienda dukani moja kwa moja, komisheni haipo. Akirudisha bidhaa, inafutwa. Na hata ikikubaliwa, haiingii siku hiyo: duka linangoja kwanza muda wa kurudisha bidhaa upite. Rakuten, kwa mfano, ina desturi ya kulipa kila baada ya miezi 3.

Hapo ndipo Epulu inapoanza kuwa mbali. Tovuti hizi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye akaunti ya benki na anwani ya nyumba huko Ulaya ama Marekani. Wengi Mashariki mwa Kongo hutunza pesa kwenye telefone. M-Pesa ya Vodacom iko nchini tangu 2012. Kwa hiyo, mara nyingi njia inayobaki ni ndugu aliye Brussels, Paris ama Marekani, anayenunua kwa niaba ya familia. Huyo anaweza kupata keshibaki kweli, lakini inaingia kwenye akaunti yake. Ni vizuri kupatana mapema: je, ni zawadi yake kwa usumbufu, ama itapunguzwa kwenye bei?

Tena, dola 3 zile zina safari mbele yake. Epulu iko kwenye Barabara ya Taifa namba 4, kati ya Mambasa na Nia-Nia, ndani ya Hifadhi ya Okapi iliyoundwa mwaka 1992. Mzigo unaotoka Kampala unaweza kuingia kwa Mahagi, kwa Kasindi, ama kwa kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi, kabla ya kushika njia ya Mambasa. Kila hatua ina nauli na ushuru wake, na njia zenyewe si salama kila siku: Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Gari likilala siku mbili njiani, faida ya keshibaki imekwisha kuliwa.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kuokoa pesa Epulu aanze na gharama zilizo kubwa zaidi. Mzigo mmoja wa watu watano kwa kawaida hugharimu kidogo kwa kila mmoja kuliko mizigo mitano. Kutuma pesa mara moja nako mara nyingi ni nafuu kuliko kuituma vipandevipande, kwa kuwa makato huwa mazito kwenye pesa ndogo. Wanaocheza likelemba wana msingi huo tayari: watu wanaojuana, zamu inayojulikana, na pesa inayokusanywa siku moja. Kabla ya kuagiza, waulize pia bei ya kitu hichohicho Bunia na Beni, pamoja na nauli.

Hatari kubwa iko kwa wale wanaolitumia jina la keshibaki kukusanya makuta. Wenye umri wanakumbuka Bindo, mpango ulioahidi kuzidisha pesa za watu mjini Kinshasa, ukaporomoka mwaka 1991. Wa kwanza walilipwa kwa pesa za waliofuata. Wa mwisho walibaki mikono mitupu. Ulaya nako, mwaka 2018, mamlaka ya Norway inayosimamia michezo ya bahati nasibu iliamua kwamba Lyoness, kampuni iliyojulikana kwa keshibaki, ilikuwa ikiendesha mpango wa piramidi uliokatazwa na sheria.

Alama ya kutofautisha ni moja. Komisionere wa kweli analipwa na muuzaji baada ya bidhaa kuuzwa. Anayekuomba utoe dola 20 za kuingia, ulete watu watatu nyuma yako, ama umupe namba ya siri ya M-Pesa ili “urudishiwe”, hana muuzaji yeyote nyuma yake. Pesa anayokuahidi ni ya jirani yako, na anayoahidiwa jirani ni yako.

Na hata tovuti iliyo ya kweli inarudisha sehemu ndogo tu. Aliyenunua kitu asichokihitaji kwa dola 100 ili arudishiwe 3, ametumia dola 97.