Aliyerisiti kidato cha nne apeleke matokeo yapi shule binafsi?

Na Mwandishi Wetu, Tanga

MATOKEO ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, wapo vijana wa Tanga wanaojikuta na karatasi mbili mkononi: ile ya shuleni, na nyingine waliyoipata baada ya kurudia mtihani wakiwa watahiniwa wa kujitegemea, maarufu kama kurisiti. Wao na wazazi wao hujiuliza ipi ipelekwe shule binafsi kuombea nafasi ya kidato cha tano.

Wengi huchagua yenye daraja zuri, na hapo ndipo wanapopotea.

Daraja huhesabiwa kwa masomo saba yenye alama bora katika mtihani mmoja. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Jumla ya pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, na 22 hadi 25 la tatu. Aliyerisiti masomo mawili tu hawezi kufikia madaraja hayo kwa karatasi ya pili, hata akipata A zote. Hata hivyo, sharti la msingi la kidato cha tano ni krediti tatu, yaani A, B au C katika masomo matatu, nazo zinaweza kupatikana katika mitihani ya miaka tofauti.

Tuchukulie kijana wa Ngamiani anayetaka tahasusi ya Kemia, Biolojia na Jiografia. Mara ya kwanza alipata C ya Biolojia, C ya Jiografia, B ya Kiswahili na D nne, ikiwamo ya Kemia: pointi 24, daraja la tatu. Akarisiti Kemia na Biolojia. Kemia ikapanda hadi C, Biolojia ikashuka hadi D. Hakuna karatasi moja inayombeba. Akipeleka zote mbili, tahasusi yake imekamilika.

Wapo wanaoona haya kuonyesha D ya zamani. Haya hiyo haina faida, kwani Baraza la Mitihani la Tanzania (Necta) huweka matokeo wazi kwenye tovuti yake, na namba ya kituo inayoanza kwa P humtambulisha mtahiniwa wa kujitegemea. Marekani mambo ni tofauti: mwombaji wa shule binafsi aliyefanya mtihani wa SSAT mara kadhaa huruhusiwa kuchagua matokeo ya siku ipi yapelekwe shuleni.

Hatari kubwa zaidi huja baadaye. Shule inayotafuta wanafunzi inaweza kumpokea asiye na krediti tatu na kupokea ada yake, lakini Necta haitamsajili kufanya mtihani wa kidato cha sita akiwa mtahiniwa wa shule. Kwa hiyo mzazi ahesabu krediti mwenyewe kabla ya kwenda benki.

Majina nayo yaangaliwe. Aliyeandikwa majina mawili shuleni na matatu wakati wa kurisiti ashughulikie tofauti hiyo mapema, kabla ya usajili kuanza.

Kwa waliosoma ng'ambo ya mpaka wa Horohoro na kuhitimu kwa mtihani wa sekondari wa Kenya, hatua ya kwanza ni kuomba Necta ulinganifu wa matokeo yao, ndipo waende kubisha hodi shuleni.