Kabla ya amplifaya, soma namba za hedifoni

Muuzaji akikuonyesha amplifaya ya mfukoni ya hedifoni, cha kwanza atakachokutajia ni wati. Mwache amalize, kisha urudi kwenye hedifoni uliyo nayo. Amplifaya haina kazi nyingine ila kuisukuma hiyo, na hedifoni nyingi zinazouzwa siku hizi zimeundwa zisukumwe na simu. Kama yako ni ya Bluetooth na huitumii kwa waya, huna haja ya kuendelea kusoma: ina amplifaya yake ndani, na ya nje haitaigusa.

Wenye waya watafute namba mbili kwenye boksi au kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ya kwanza ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Ya pili ni unyeti, yaani desibeli zinazotoka hedifoni ikipewa kiasi maalumu cha umeme. Wengi husoma omu peke yake na kuamini kuwa omu nyingi ndiyo hedifoni ngumu kusukuma. Chukua Sennheiser HD 600, hedifoni ya mwaka 1997 ambayo bado inapendwa. Ina omu 300, na hutoa desibeli 97 kwa volti 1. HiFiMAN HE-6 ina omu 50 tu, lakini kwa miliwati 1 inatoa desibeli 83.5. Tukitaka vilele vya muziki vifike desibeli 110, HD 600 itakula miliwati 67 hivi, HE-6 itakula karibu 450. Volti zinazohitajika hazipishani sana, ni kati ya 4.5 na 4.7. Kinachopishana ni mkondo: miliampea 15 kwa ile ya kwanza, 95 kwa ya pili. Hiyo ya omu chache ndiyo inayoishinda amplifaya ndogo.

Kuna mtego katika unyeti wenyewe. Kampuni moja huandika desibeli kwa miliwati 1, nyingine kwa volti 1. Kwa hedifoni ya omu 32, volti 1 ni sawa na miliwati 31, kwa hiyo hedifoni ile ile inaweza kuandikwa 100 kwa kipimo kimoja na 115 kwa kingine bila yeyote kusema uongo. Kuzilinganisha namba hizo kama zilivyo ni kulinganisha bei ya mchele kwa kilo na bei yake kwa debe.

Izingatiwe kwamba 110 ni dari ya vilele vya ghafla, si sauti ya kusikilizia. Mwongozo wa mwaka 2019 wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano unawawekea watu wazima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwenye 89 umebakiwa na saa 5. Anayepandisha sauti kwa sababu ya injini ya daladala hahitaji amplifaya. Anahitaji vipokea sauti vinavyoziba sikio vizuri.

Sasa tuipime simu. Adapta ndogo ya Apple ya kuchomeka hedifoni, ile ya soko la Marekani, hutoa takriban volti 1. Ya Ulaya hutoa kama nusu yake. Audio-Technica ATH-M50x, yenye omu 38 na desibeli 99 kwa miliwati, inafika 110 kwa volti 0.7. Mwenye hedifoni hiyo na adapta ya volti 1 anatafuta amplifaya ya nini? Hata HD 600 itafika 97 kwa adapta hiyo, na wasikilizaji wengi wa sauti ya wastani wataridhika, isipokuwa kwa rekodi zilizo chini sana.

Turudi kwenye wati za muuzaji. Amplifaya iliyoandikwa miliwati 500 kwa omu 32 inatoa volti 4. Ichomeke hedifoni ya omu 300 na volti hizo hizo 4 zitazaa miliwati 53 tu. Kwa hiyo uliza volti, na uliza zimepimwa kwa omu ngapi. Tundu la milimita 4.4 huwa na volti zaidi kuliko tundu la kawaida, na linafaa kama hedifoni yako inazihitaji kweli.

Namba ambayo mimi huitazama kabla ya wati ni ukinzani wa tundu la kutokea sauti. Kanuni inayotumiwa ni kwamba usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Shure SE846, ya kuingizwa sikioni, ina omu 9, basi tundu lisipite omu 1 hivi. Ukinzani wa vipokea sauti vya aina hiyo hupanda na kushuka kadiri sauti inavyokuwa nzito au nyembamba, kwa hiyo tundu la omu 10 litabadilisha uwiano wa besi na sauti za juu, na mnunuzi atadhani amepata “ladha” ya amplifaya. Unyeti wake wa desibeli 114 kwa miliwati una adha nyingine: mvumo wa amplifaya yenye nguvu nyingi utausikia nyimbo zinapopumzika. Nguvu kupita kiasi nayo ni kasoro.

Usafi wa sauti, kwa upande wake, haujawa anasa kwa miaka mingi. Mwaka 2011 mhandisi aliyejificha nyuma ya jina NwAvGuy alitoa bure mchoro wa amplifaya yake, O2, pamoja na vipimo vyake, na yeyote aliruhusiwa kuiunda. Anayekudai fedha nyingi leo mwambie akuonyeshe vipimo.

Kabla ya kulipa, chukua rekodi yenye sauti ya chini, mathalani taarab ya zamani, uisikilize kwa simu na hedifoni zako mahali palipotulia. Ukitosheka kabla sauti ya simu haijafika mwisho, amplifaya haitakuongezea kitu. Fedha hiyo iweke kwenye hedifoni bora.