Mbavu za Gitaa Hazichemshwi

Kwa mafundi wa gitaa swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile: mbao za ubavuni zichemshwe kwa saa ngapi ndipo zipinde? Huyu anaulizia pipa, yule sufuria ya githeri, na siku hizi wapo wanaoulizia dawa ya kulainishia nguo. Jibu ni sifuri. Hazichemshwi.

Kinachopinda ubao ni joto. Nyuzinyuzi za mti zimeshikanishwa na lignini, ambayo ikipashwa vya kutosha hulegea, na ikipoa hukaza tena katika umbo jipya. Pale Kitengela Hot Glass, mafundi hulainisha vioo vikuukuu kwa moto mtupu, wala hakuna anayewauliza wamevilowesha kwa siku ngapi. Ni kweli maji yana kazi: unyevu huifanya lignini ilegee mapema, na huukinga uso wa ubao usiungue. Lakini kazi hiyo inamalizwa na kitambaa kibichi.

Hesabu ya sufuria ndiyo inayowaumbua wachemshaji. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Kitengela iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo huku huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, na hata yakitokota hadi usiku wa manane hayapandi zaidi ya hapo. Bomba la chuma linalopashwa moto ili kupindia mbavu hufika kati ya 150 na 200. Tena ubavu wa gitaa una unene wa milimita 2 tu: ukitolewa majini, upepo wa Kitengela unaupoza kabla haujafika kwenye kalibu. Mtu anabaki akipinda ubao uliolowa na kupoa, unalia ta! kiunoni, naye anamlaumu muuza mbao.

Na usipovunjika, hasara bado ipo. Ubao ulioshinda majini huvimba kwa upana, uso ukafanya mawimbi. Pipa la chuma likikutana na tanini ya mti huacha madoa meusi ambayo msasa hauyamalizi. Fundi mwenye pupa akiubandika ungali mbichi, hewa kavu ya Kajiado itaukausha ukiwa tayari umeshikwa na gundi. Utasinyaa, na kiungo cha mgongo kitaachia. Dawa ya nguo haiongezi nyuzijoto hata moja. Inaongeza harufu.

Mvuke una heshima yake, ila kwa mbao nene zinazotunza joto. Mtengeneza viti Michael Thonet alijenga jina lake kwa vipande vinene vilivyopikwa kwa mvuke na kupindwa vikiwa vimeshikizwa bapa la chuma. Kiti chake namba 14 kilitoka mwaka 1859. Waunda majahazi wa Lamu wana akili nyingine kabisa: mataruma huyachonga katika miti iliyojipinda yenyewe porini.

Basi, kwa wenye haraka. Piga randa hadi milimita 2. Ubao wa milimita 3 hukataa kupinda zaidi ya mara tatu kuliko huo. Chagua nyuzinyuzi zilizonyooka, zisizo na fundo. Mvule, ambao nyuzinyuzi zake hupishana, si wa mwanafunzi. Saiprasi safi inafaa, maana Wahispania wametumia jamii ya mti huo kwa magitaa ya flamenko miaka mingi. Bana bomba la chuma kwenye jiliwa, washa gesi, dondosha tone la maji: likikauka polepole, bado, likirukaruka, anza, ubao ukitoa moshi, punguza moto. Anza na kiuno. Telezesha ubao huku na huku bila kuulazimisha mpaka mkono usikie umelegea, kisha ufunge kwenye kalibu ulale humo. Mwenye pesa anunue blanketi la silikoni la umeme. Mwenye hofu agundishe vipande viwili vya milimita 1, avipashe kidogo tu kwanza, na atumie gundi ya epoksi. Ile nyeupe ya seremala hulegea joto likipanda, na gitaa litaachwa siku moja ndani ya gari lililoegeshwa juani Barabara ya Namanga.