Vitabu Vinavyofukua Yaliyozikwa Kaskazini Mashariki

Julai 2012, Miguna Miguna, aliyekuwa mshauri wa Waziri Mkuu Raila Odinga, alizindua kumbukumbu zake, Peeling Back the Mask. Wakenya walikigombania kitabu hicho, kila mmoja akitaka kujua nani alisema nini nyuma ya milango ya wakubwa.

Kaskazini Mashariki, kuanzia Garissa hadi Lafey mpakani mwa Somalia, siri iliyofichuliwa vitabuni ni nzito kuliko ugomvi wa wanasiasa. Mwaka 2007 Salah Abdi Sheikh alichapisha Blood on the Runway, kuhusu mauaji ya Wagalla.

Februari 10, 1984, vikosi vya usalama vilianza kuwakamata wanaume wa ukoo wa Degodia wilayani Wajir na kuwapeleka kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla. Walivuliwa nguo, wakalazwa kifudifudi kwenye jua kali siku kadhaa, bila chakula wala maji. Waliojaribu kutoroka walipigwa risasi. Maiti nyingi zilipakiwa kwenye malori zikatupwa porini.

Serikali ilitaja vifo 57. Manusura wanasema ni maelfu.

Habari zilivuja kwa ujasiri wa wachache. Mbunge Ahmed Khalif aliibua suala hilo bungeni. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyewatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, aliokoa majeruhi na kukusanya ushahidi; mwaka uliofuata akafukuzwa nchini.

Baadaye ikaja aibu nyingine. Bethuel Kiplagat, aliyeteuliwa kuongoza Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, alikuwa miongoni mwa maafisa waliozuru Wajir siku chache kabla ya mauaji. Alikana kuhusika, lakini Novemba 2010 malalamiko yalimlazimu kukaa kando kwa muda.

Kuandika mambo ya namna hii kuna hatari zake. Nicholas Biwott, waziri wa enzi ya Rais Moi, aliwahi kushinda mamilioni ya shilingi mahakamani kwa sababu ya kitabu kilichomhusisha na kifo cha waziri mwenzake Robert Ouko, na hata wauza vitabu wa Nairobi walishtakiwa. Ndiyo maana mwandishi makini hutafuta mashahidi, tarehe na hati kabla ya kumtaja mtu.

Mkoa wa Kaskazini Mashariki uliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991, na waliozionja bado wapo. Vijana wa Lafey, kaeni na wazee wenu, warekodini kwa Kisomali au Kiswahili, mwandike majina na tarehe wangali hai.