Utabiri wa hali ya hewa Kivu: tulipe programu ya simu, ao tufuate ule wa bure wa serikali?

Kila jioni, kabla pirogi za sambaza hazijaondoka kwenye mwambao wa Kalehe, Idjwi na Bukavu, wavuvi wanajiuliza swali moja: usiku wa leo ziwa litakuwa namna gani? Zamani jibu lilitoka kwa wazee waliojua kusoma mawingu juu ya milima. Leo simu nayo inajibu. Kuna programu za bure, kuna zingine zinazoomba ulipe kila mwezi ili zikupe utabiri "wa hakika", na kuna METTELSAT, shirika la serikali lenye kazi ya kufuata hali ya hewa kwa nchi nzima.

Tumwamini nani? Swali hili si la watu wenye simu kubwa peke yao. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kali ilinyesha katika teritware ya Kalehe, mito ikafurika, na vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vikasombwa na maji, matope na mawe. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Tangu siku hiyo, mtu wa Kalehe akisikia mvua inapiga bati usiku, hatafuti utabiri kwa ajili ya kujua avae nini kesho.

Habari za programu zinatoka wapi?

Jambo la kwanza ambalo wengi hawajui: programu nyingi za kulipia zinaanzia kwenye kazi iliyofanywa na serikali. Marekani ina hesabu yake ya hali ya hewa ya dunia nzima, inayoitwa GFS. Inafanywa mara nne kwa siku na kutolewa bure kwa kila mtu. Nchi za Ulaya nazo zinachangia kituo kimoja, ECMWF, ambacho hesabu yake inasifiwa sana na wataalamu. Picha za mawingu ya Afrika zinatoka zaidi kwenye satelaiti za Meteosat, ambazo pia zinalipiwa na serikali za Ulaya.

Kampuni inachukua hesabu hizo, inazirekebisha, inazipanga kwa rangi nzuri, kisha inakuuzia. Si wizi. Kampuni zingine zina wataalamu wao na njia zao za kusahihisha hesabu, na kazi hiyo ina bei. Lakini ujue unacholipia: mara nyingi unalipia urahisi wa kusoma, tahadhari inayolia kwenye simu, na ramani isiyo na matangazo. Mvua yenyewe ni ileile.

Kwa nini zote zinakosea kwetu?

Hesabu za dunia nzima zinagawa nchi katika miraba yenye upana wa kilomita 9, 13, ao hata zaidi ya 25 katika ramani zinazotolewa bure. Kwenye tambarare, hiyo inatosha. Lakini Ziwa Kivu lina urefu wa karibu kilomita 90 tu, na pembeni yake kuna milima inayopanda haraka sana. Mraba mmoja unaweza kuchanganya maji, shamba na mlima, na kuvipa vyote mvua moja.

Kisha kuna tabia ya ziwa lenyewe. Mchana, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu yanajikusanya juu ya milima. Usiku, hewa baridi inashuka kutoka milimani na kukutana juu ya maji yenye joto. Hapo ndipo dhoruba za usiku na za alfajiri zinazaliwa, saa zilezile wavuvi wa sambaza wanapokuwa ziwani na taa zao. Radi nayo si mchezo. Watafiti waliotumia satelaiti ya Marekani kuhesabu miali ya radi kuanzia 1998 hadi 2013 walikuta eneo la Kabare linaongoza Afrika nzima, kwa miali zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka.

Shida kubwa zaidi ni vipimo. Kisipopimwa kitu, hakuna kompyuta itakayokisahihisha. Kisha maafa ya Kalehe, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walijaribu kuchunguza kama mabadiliko ya tabianchi yalichangia mvua ile. Mnamo Juni 2023 walisema hawakuweza kutoa jibu, sababu vipimo vya mvua kwenye eneo hili ni vichache mno. Kampuni ya kulipia nayo inakutana na shimo lilelile. Haiuzi kipimo ambacho hakipo.

Cha serikali kina faida gani?

Tahadhari ya serikali ina uzito ambao programu haina. Kiongozi wa kijiji hawezi kuamuru watu wahame pembeni ya mto kwa sababu simu ya kijana mmoja imeonyesha wingu jekundu. Anaweza kufanya hivyo akiwa na tangazo rasmi. Tena kampuni nyingi zinaandika katika masharti yao kwamba hazibebi lawama utabiri ukikosea. Shirika la umma, wananchi wanaweza kulidai.

Lakini tuseme ukweli: tangazo lililoandikwa kwa Kifaransa huko Kinshasa halimfikii mama wa Nyamukubi asiposomewa kwenye redio kwa Kiswahili, Kihavu ao Kishi. Hata saa inaleta makosa: saa kumi na mbili ya jioni Kinshasa ni saa moja ya usiku Bukavu. Na hesabu za dunia zinaandikwa kwa saa ya Greenwich, hivi kwetu uongeze saa mbili.

Basi nani alipe?

Tufanye mfano. Programu inaomba dola 3 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 36, bila kuhesabu mega za intaneti. Kwa mkulima mmoja mwenye shamba dogo la maharagwe, feza hiyo ingefaa zaidi kununua mbegu. Lakini ushirika wa wavuvi 30 wakichanga, kila mmoja anatoa dola 1 na senti 20 kwa mwaka, na mtu mmoja anawasomea wote kila jioni. Kampuni yenye boti za abiria ao inayojenga barabara haina sababu ya kukataa kulipa: siku moja ya kazi iliyopotea inagharimu zaidi.

Kabla ya kulipa, jaribu kwa mwezi mmoja. Chukua daftari, chora safu tatu. Kila jioni andika utabiri wa bure ulisema nini, na ule wa kulipia ulisema nini katika siku zake za majaribio. Asubuhi andika kilichotokea kweli. Uelewe pia kwamba "mvua 30 kwa mia" si ahadi ya jua: kati ya siku kumi za namna hiyo, karibu tatu zitanyesha. Mwezi ukiisha, hesabu. Kama tofauti ni ndogo, weka feza yako mfukoni.

Na hata ukilipa, usitupe vipimo vya wazee. Chupa iliyokatwa na kuwekwa wazi, na rula pembeni, inapima mvua. Mtu wa juu mlimani akiona mto unabadilika rangi na kuanza kubeba miti, simu yake kwa ndugu wa chini inafika mbele ya satelaiti yoyote. Kwa mito yetu mifupi inayoshuka kwa kasi, dakika kumi na tano zinatosha kumbeba mtoto na kupanda kilima.

Programu ya kulipia inaweza kumsaidia aliye nayo. Vituo vya kupima mvua na tangazo la redio kwa lugha ya kijiji vinasaidia kila mtu, na hivyo hakuna mvuvi anayeweza kuvinunua peke yake. Hapo ndipo tunapaswa kuidai serikali.