Je, Wajua? Hamsini au Sitini: Hesabu ya Mstaafu wa Gusii

Je, wajua kwamba mwalimu wa Keroka au Ogembo, huko Gusii nchini Kenya, anaweza kuomba kustaafu akifika miaka 50, ingawa umri wa lazima ni 60? Hadi 2009 ulikuwa 55.

Je, wajua kila mwezi wa utumishi una bei? Kwa Sheria ya Pensheni, mshahara wa mwaka hugawanywa kwa 480, kisha huzidishwa kwa miezi uliyofanya kazi. Chukua mwalimu aliyeajiriwa akiwa na miaka 25, mshahara wa mwisho shilingi 40,000. Akiondoka na 50, ana miezi 300: pensheni 25,000 kwa mwezi. Akifika 60, ana miezi 420: pensheni 35,000, hata kama mshahara haukupanda. Hesabu hii ifanywe nyumbani, mume na mke pamoja, kabla ya barua ya kuomba kustaafu kuandikwa. (Waliokuwa chini ya miaka 45 Januari 2021 walihamishiwa mpango wa kuchangia: wao 7.5%, serikali 15%.)

Je, wajua kiinua mgongo hukatwa kwenye pensheni yako mwenyewe? Robo ya pensheni ya mwaka huzidishwa mara 20. Mwalimu wetu wa miaka 60 atapokea 2,100,000, halafu pensheni ishuke hadi 26,250. Mamilioni hayo yana marafiki wengi. Wauza ploti ndio hufika wa kwanza.

Je, wajua tangu 27 Desemba 2024 mafao ya aliyefikia umri wa kustaafu hayatozwi kodi?

Na akiba ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, je? Huchukuliwa ukiwa na 60, au kuanzia 50 ukishaacha ajira.

Je, wajua mkulima anayepeleka majani yake ya chai kiwanda cha Kebirigo au Nyansiongo hana pensheni inayomngoja? Bonasi huja na kuisha. Msaada wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, humfikia mzee wa miaka 70, na mwenye pensheni hahesabiwi. Mgongo ukichoka kubeba kikapu akiwa na 60, miaka kumi hiyo atakula nini? NSSF hupokea akiba ya hiari ya Haba Haba kwa shilingi 25 kwa siku. Anayevuna leo aanze leo.

Je, wajua mstaafu wa mpango wa zamani akifariki, wategemezi wake hulipwa pensheni yake kwa miaka 5? Mjane wa miaka 58 atakuwa na 63 malipo hayo yakikoma.